Feni Iliyozunguka Peke Yake

Gari likija na feni isiyopuliza mpaka uitie namba ya mwisho, usinichoshe kwa maelezo. Namba ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya, ya nne inavuma utadhani kimbunga: hiyo ni rezistensia imeungua. Vijana wa hapa Palma wananiletea magari yao, vioo vimefungwa, jasho linawatoka, na mimi naingiza mkono chini ya dashibodi, nafungua skurubu, nachomoa kidude kisichozidi kiganja na kutia kipya. Kazi imekwisha. Kitu kimoja tu kinawashangaza. Nikimaliza kufunga, siwashi feni kuijaribu. Namwachia mwenye gari aiwashe mwenyewe, na mimi natoka nje kwanza, nasimama mbali kidogo mpaka azime.

"Vovô, mbona hutaki kusikia kazi yako?" wananiuliza, wakiniita babu kwa Kireno chao. Nami huwa nawajibu kwamba masikio yangu mabovu. Masikio yangu si mabovu hata kidogo.

Wakati wa vita vya ukombozi nilikuwa fundi katika karakana ya serikali, nayo serikali ilikuwa ya Wareno. Nilijifunza kazi kwa mestre, yaani fundi mkuu, Mreno mmoja mfupi, mkali wa mdomo, mkarimu wa sigara. Kaka yangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa dereva wa adiministradori, mkuu wa wilaya wa Kireno. Tuliishi kiwanja kimoja: yeye na mkewe nyumba ya mbele, mimi kapera katika chumba cha uani. Shemeji yangu ndiye aliyenipikia. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi. Nikichelewa kula alikuwa akisema wali umenililia mpaka umepoa, na kwamba fundi gani huyu anayetengeneza magari ya watu na mlango wa chumba chake umeshikwa na kamba.

Barabara ya kutoka kwetu kwenda Olumbi, na kuendelea hadi Mocímboa, ilikuwa imefukiwa mabomu. Wapiganaji wa msituni waliyaweka kwa ajili ya magari ya askari, lakini bomu likiwa chini ya mchanga halimuulizi dereva ni mtoto wa nani. Kwa hiyo kila dereva alisafiri na kinga yake. Huyu ana hirizi, yule amechanjwa, mwingine ana dua aliyoandikiwa na mwalimu akainywa. Shemeji yangu aliamini ubani. Kila kaka alipokuwa na safari, shati lake lilifukizwa alfajiri juu ya chetezo, na kanzu, na kofia, na yeye mwenyewe akisimama amepanua miguu, moshi unapanda, huku anacheka na kukohoa. Ila kwa shemeji hilo halikutosha. Linalokanyaga barabara, alisema, si shati. Ni gari. Gari nalo lifukizwe.

Sasa gari la serikali utalifukizaje? Lililala ndani ya uzio wa adiministradori, na mlinzi mlangoni. Ungekwenda pale na chetezo cha mkaa ukaeleze nini?

Hapa lazima niseme kidogo juu ya hiyo rezistensia, vinginevyo hamtaelewa upumbavu wetu. Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na lilikuwa na feni ya kusukuma hewa ndani. Adiministradori aliamuru vioo vifungwe njia nzima kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya hofu, kwa hiyo bila feni angeiva mle ndani. Lakini aliitaka namba ya kwanza tu, ile ya upole. Ya mwisho ilivuma mno, asingeweza kusikia kinachotokea nje. Kinachoifanya feni iende polepole ni waya uliosokotwa, unaokula sehemu ya umeme kabla haujaifikia feni. Waya huo hupata moto. Ndiyo maana umewekwa ndani ya njia ya upepo, ili feni yenyewe iupooze.

Kaka aliwahi kunikuta mezani nikiujaribu waya wa namna hiyo, nimeutoa kwenye kisanduku chake, umeunganishwa na betri. Nje ya upepo ulipata wekundu wa kaa la moto. Alipiga makofi.

"Kumbe humu ndani mna chetezo!" alisema.

Tulicheka. Mimi mzaha ule niliuacha pale pale karakana. Yeye alikwenda nao nyumbani kwa mkewe.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja akaliingiza gari karakana, akashuka bila kunisalimia. Mestre alikuwa amekwenda Mocímboa kutafuta vipuri. Kaka alichungulia kama kuna mtu mwingine, kisha akasema feni imekufa namba zote isipokuwa ya mwisho, na adiministradori amekasirika. Amesema gari halikuwa hivi, na kwamba akikuta bado hivi atawaachia askari wachunguze nani kalichezea. Sote tulijua maana yake. Dereva mwingine wa serikali alikuwa amekamatwa kwa sababu ya maji kwenye mafuta, na mkewe alikuwa bado anapeleka chakula kwenye lango la gereza bila kujua nani anakila.

Nikafungua kisanduku cha feni. Nilinusa kabla sijaona. Ubani ulikuwa umeyeyuka juu ya waya, ukaganda mweusi, na vipande vizima vya udi vimebanwa pembeni, vimeziba njia ya upepo. Waya wenyewe ulikuwa umekatika katikati.

"Kaka, hiki nini?"

Alitazama pembeni. "Vumbi."

"Vumbi gani hilo la kunukia maulidi?"

"Shemejiyo kanambia nitie kidogo. Kidogo tu, bwana mdogo. Si wewe mwenyewe ulinionesha waya unawaka?"

"Unawaka mezani! Humu ndani hauwaki, upepo unaupooza. Wewe umeuziba upepo, waya umejichoma wenyewe. Hawa wataiita sabotagem hii, hujuma. Unajua mtu wa sabotagem wanamfanyaje?"

"Najua," alisema. "Ndo maana nimekuja kwako na mestre hayupo."

Nilikuwa na hasira ya kumtia kofi, kaka yangu mkubwa. Halafu nikamwona amesimama na kofia yake ya udereva mkononi, mtu mzima aliyefukiza gari la mkoloni kwa umeme wa mkoloni, nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Hofu ilikuwa bado ipo, ila ilitupa nafasi.

Kipuri hakikuwepo. Nyuma ya karakana palikuwa na jiko la umeme bovu, lililotupwa na mke wa adiministradori, nikachomoa waya wake. Nikakwangua kibao cha rezistensia ya zamani hadi kikawa cheupe, nikausokota waya mpya juu yake. Tatizo ni urefu. Waya ukizidi, feni inajikokota, ukipungua, inavuma. Sikuwa na kipimo cha kuaminika, nikatumia sikio langu na mkono wa kaka. Yeye alikaa kwenye usukani, kiganja mbele ya tundu la hewa, mimi nasogeza kibanio kwenye waya kidogo kidogo.

"Bado," alisema. "Bado. Imezidi, rudisha. Rudisha tena." Kisha akafumba macho. "Hapo."

Pale pale nikakaza. Ilikuwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo mdogo kila ikizunguka kwa sababu bapa moja la feni lilikuwa limepinda. Kaka alisema adiministradori atasinzia. Akaniuliza sasa ubani autie wapi. Nikamwambia autie puani mwake. Alikusanya vile vipande vilivyobaki ndani ya kitambaa, akavitia mfukoni, akaondoka anapiga honi kwa raha.

Adiministradori aliridhika. Alhamisi iliyofuata akamtuma kaka peke yake, apeleke dawa na barua kwenye posto, kituo cha serikali cha Olumbi, arudi siku hiyo hiyo. Hakurudi. Ijumaa hakurudi. Jumamosi mchana lori la askari likaingia mjini linalivuta gari kwa kamba, na ndani ya gari hapakuwa na mtu.

Sajenti aliyelileta alikuwa mtu wa hadithi. Alisimama mbele ya karakana akawasimulia wote waliokuwepo, akichanganya Kireno na Kiswahili chake cha sokoni. Walilikuta asubuhi ile, alisema, limesimama katikati ya barabara, mlango wazi, injini imezimwa, funguo zimo. Limesimama hapo tangu Alhamisi. Dereva amekimbilia kwa wenzake wa msituni, mnyang'anyi yule. Na feni, alisema, akazungusha kidole hewani na kutucheka machoni, feni ilikuwa bado inazunguka, peke yake, kama kuna mtu amekaa anapunga upepo.

Jioni haikufika kabla mji mzima haujajua. Gari lina jini. Jini limemchukua dereva, likabaki limekaa kitini linajipepea. Watu waliokuwa na njia ya kupita karakana walizunguka nyuma. Hata mlinzi wetu aliomba ahamishwe.

Mestre, ambaye alikuwa amesharudi, akaniambia nilikague. Hakunitazama alipokuwa ananiambia. Niliingia, nikakaa kwenye kiti cha kaka. Kwanza nikasikia unyevu. Zulia la sakafuni lilikuwa limelowa, na kiti kilikuwa kibichi kwenye mishono. Ilikuwa kiangazi, mvua hatukuiona kwa miezi, na askari hawana desturi ya kumwoshea mtu gari wanalolivuta kwa kamba. Nikageuza funguo. Feni ikaanza pale pale, namba ya kwanza, sauti ya chini, na ule mkwaruzo wa bapa lililopinda. Nikageuza tena, injini ikashika kwa mara moja.

Nikazima. Nikabaki nimekaa, nikihesabu.

Wenye gari huniuliza kila siku mbona betri imekufa, na mimi huwajibu: uliacha nini kinawaka? Feni ile hata ikienda polepole inakula umeme. Tangu Alhamisi mpaka Jumamosi, injini imezimwa, betri ingekuwa imekwisha kabisa, usingepata hata mlio wa honi. Na walilivuta kwa kamba, hawakuliendesha, kwa hiyo njiani halikupata chaji. Gari lile lilizimwa asubuhi ile ile. Mpaka asubuhi ile lilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiliendesha, kisha likaoshwa, kisha sajenti akaja kutuambia limesimama tangu Alhamisi. Sikujua askari walimkamata wapi wala kwa kosa gani. Sijui kama ni kile kitambaa cha mfukoni au ni neno la mtu. Mpaka leo sijui. Lakini nilijua kwamba kaka yangu hakwenda msituni, na nilijua hakuna jini.

Mestre alikuwa amesimama mlangoni anavuta sigara. Alisikia injini ilivyoshika. Yeye ndiye aliyenifundisha habari za betri. Tulitazamana, akaitupa sigara ikiwa bado ndefu, akaenda zake.

Nyumbani nilimkuta shemeji jikoni. Nilimweleza yote kwa sauti ndogo, betri, kamba, zulia. Alisikiliza huku anachambua mchele, na vidole vyake havikusimama.

"Mestre anajua?" aliuliza.

"Anajua. Hatasema."

"Na wewe umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, shemeji."

Akaweka ungo chini. "Basi sikiliza. Wao wanasema kakimbia. Mimi nikikaa eda, nawaambia mume wangu kafa. Wataniuliza, kafa? Nani kakwambia? Watazunguka kote, watafika kwa fundi aliyelifungua gari. Nimetoa mmoja. Sitoi wawili."

Nikamwambia mimi sina thamani hiyo. Nilisema kwa hasira, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

"Sikukuuliza thamani yako," alisema. "Nenda kaoge, unanuka oli."

Kesho yake alitoka. Alisaga msiro kwenye jiwe kama wanawake wa pwani yetu wanavyofanya, akajipaka uso mzima, mweupe, laini, akajitia wanja, akavaa kanga nyekundu, akaenda kisimani na ndoo. Mke aliyefiwa hajipaki, hajitii wanja, hatoki nje. Yeye alitoka na vyote. Sipai, askari mweusi wa serikali, alikuwa kisimani anamngoja, akamuuliza mbele ya wanawake wote mumewe yuko wapi.

"Kanikimbia, mbwa yule!" alijibu. "Mkimwona nyinyi mniambie, nimkate masikio."

Sipai alicheka. Wanawake wengine walicheka, wengine waligeuza nyuso. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya njia na spana mkononi, nikasikia kila neno, na nikasikia sauti yake haikutetemeka. Jioni nilipopita karibu na dirisha lake aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: kwamba msiro una faida, kwa sababu ukilia unaacha mistari, kwa hiyo mtu hulii.

Alifanya hivyo muda wote wa vita. Ndugu zetu walimchukia. Shangazi yetu alikuja kutoka Nhica akamtemea mate kizingitini, akasema hajaona mwanamke anayempaka mumewe matope kisha anajipaka uso. Shemeji akamkaribisha chai. Mimi nilisimama uani nimeuma meno, maana neno moja langu lingemsafisha yeye na kutuua sote wawili. Wapo waliosema anajipamba kwa ajili yangu. Khitma hatukusoma. Ubani haukuwashwa tena katika kiwanja chetu, hata Ijumaa, hata sikukuu, kwa sababu majirani wana pua, na ubani kwetu huulizwa: leo mnamkumbuka nani?

Na gari liliendelea kufanya kazi. Lilipata dereva mwingine, mtu wa mbali asiyejua habari zetu, na kila lilipoletwa kwangu niliisikia. Hawakuizima kamwe, ile feni. Nikiwa chini ya gari nabadilisha oli, juu yangu sauti ile inakwaruza polepole, utadhani mtu amekaa, kiganja mbele ya tundu la hewa, macho amefumba. Wengine waliogopa jini. Mimi ningefurahi lingekuwa jini. Siku moja nilishindwa, nikafungua kisanduku ili nisogeze kile kibanio, niurefushe waya au niufupishe, lolote, mradi ibadilike sauti. Bisibisi niliishika. Lakini pale palikuwa mahali ambapo kaka alisema "hapo". Nikafunga nilivyofungua, na mestre akajifanya anatafuta nati sakafuni.

Vita vikaisha. Wareno wakafungasha, kambi ikabaki makopo na mbwa, mestre akanipa boksi la spana zake akaondoka bila maneno mengi. Watu walikuwa wanarudi kutoka ng'ambo ya Rovuma, kila siku kuna nyumba yenye vigelegele. Wake waliokuwa wakingoja waume walikwenda barabarani kupokea, na shemeji yangu hakwenda. Hapo ndipo baadhi ya watu walipoanza kuelewa. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi.

Asubuhi moja aliniambia nimwite mwalimu wa msikitini. Nilipomleta, uso wa shemeji ulikuwa hauna msiro wala wanja. Sikuwa nimeuona mtupu kwa miaka, na ulikuwa uso wa mtu mwingine, mkubwa kuliko mimi, mwenye mabonde mashavuni. Alikuwa ameshona nguo yake ya eda. Alikaa kwenye mkeka, akaniambia nizungumze mimi.

Nikazungumza. Mara yangu ya kwanza kuyasema mbele ya mtu wa tatu. Mwalimu alisikiliza, akainamisha kichwa, akamwombea kaka. Kisha akauliza ilikuwa mwaka gani na mwezi gani, nami nikamwambia. Alihesabu kwenye pingili za vidole, na nilimwona anafurahi, masikini, kwamba ana habari njema ya kumpa mjane.

"Binti yangu," alisema, "eda inahesabiwa tangu siku mume anapofariki, hata mke asipojua. Yako imekwisha zamani. Huna deni. Uko huru, ukitaka kuolewa hata kesho uolewe."

Shemeji alikuwa analikunja na kulikunjua pindo la ile nguo magotini mwake.

"Imekwisha," alisema.

"Imekwisha kabisa."

"Nami nilikuwa kisimani na wanja, namwita mbwa." Akamtazama mwalimu usoni, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Basi niambie, mwalimu. Kama imekwisha, nani aliikaa?"

Shemeji akainuka, akaichukua nguo yake ya eda, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango, na mimi nikaenda kuteka maji, kwa sababu kuanzia siku ile hapakuwa na mtu mwingine wa kwenda kisimani.